Nguvu, starehe au mafuta: mwongozo kamili wa kuchagua pikipiki kulingana na njia yako

Swali ni lile lile kila siku, nichukue pikipiki ya cc (ukubwa wa injini) 100, 125 au 150, na majibu nayo ni yale yale, mmoja anasema chukua 150 hiyo ndo chuma, mwingine anasema 150 inakunywa sana wese chukua 100 utanishukuru, mtu anamfuata mmoja wao anapeleka hela dukani, miezi miwili baadae analalamika mgongo unauma, au kilima cha kwao haipandi akiwa na mtu nyuma, au hesabu ya bosi haitimii sababu mafuta yamekula faida yote.

Wengi wanakosea kwenye mpangilio. Wanaanza na cc, au wanaanza na mafuta. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kwanza nguvu inayotosha sehemu ngumu kuliko zote kwenye njia yako, pili mwili wako na wa unayembeba, tatu mafuta, na hayo mafuta yanaamua tu kati ya zile zilizofaulu hatua mbili za mwanzo. Ukifuata hatua hizi zote zitakula kama wiki moja na nusu. Ni muda mdogo kwa kitu cha mamilioni ambacho utakikalia miaka.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari, au sehemu ya kuandika kwenye simu
- Ubao mnyoofu wa mita 1, pima maji ya fundi, na futi kamba. Huna pima maji, chupa ya maji iliyojaa nusu inafaa
- Mzani wa kupimia watu
- Simu yenye ramani, inayoonyesha kilomita na urefu kutoka usawa wa bahari
- Karatasi za maelezo za pikipiki unazozifikiria, zisizidi 3
- Pikipiki za aina hizo hizo za kuazima au kukodi kwa masaa machache
- Mtu wa kukaa nyuma, mwenye uzito kama wa abiria wako wa kawaida
- Helmeti mbili
- Dumu safi la lita 1 lenye mistari ya mililita, na hela ya lita 4 au 5 za mafuta

Kuhusu hizo za kuazima, maduka mengi hayakupi mpya ukaizungushe kutwa, kwa hiyo nenda kijiweni. Tafuta dereva mwenye aina unayoitaka, iliyotunzwa, mlipe kile ambacho angeingiza kwa hayo masaa, na mwambie akae nyuma yako. Unapata chombo, unapata uzito wa abiria, na mwenye mali anakaa na mali yake. Hakikisha leseni yako ina daraja linaloruhusu cc unayoenda kuijaribu.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya pikipiki kwa wiki nzima

Kabla ya kuangalia pikipiki yoyote, andika kwa siku 7 mambo manne: kilomita ulizotembea, mzigo au watu, aina ya barabara, na sehemu iliyokuwa ngumu siku hiyo. Kama saivi unapanda daladala au boda, andika zile safari ambazo pikipiki ingezifanya.

Andika yanayotokea kweli, sio unayoyatamani. Mtu anasema anataka pikipiki ya safari ndefu maana anapanga kwenda Dodoma, wakati kila siku anatoka Mbagala kwenda Kariakoo kwenye foleni. Safari ya mara moja kwa mwaka isikuchagulie chombo cha siku zote.

Uzito pima, usikisie. Jipime na nguo zako na begi, pima abiria, pima gunia au kreti. Watu wanakosea sana hapa, kreti ya soda ya chupa za kioo ikiwa imejaa ni nzito kuliko inavyoonekana na mtu anaiandika kama kitu kidogo tu.

Ukimaliza unatakiwa uwe na sentensi moja inayosomeka hivi: "Natembea kama kilomita 60 kwa siku, nabeba mtu mmoja na mzigo wa kilo 20, theluthi ni vumbi, na sehemu ngumu ni kile kilima cha kutokea sokoni." Kama bado huwezi kuiandika, hatua zinazofuata hazitakusaidia, rudia wiki.

## Hatua ya 2: Pima kilima chako

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndo inayoamua.

Nenda kwenye sehemu kali kuliko zote ya njia yako, muda ambao magari ni machache. Laza ubao wa mita 1 ukielekea kule barabara inakopanda, inua upande wa chini mpaka pima maji iseme uko sawa, halafu pima kwa futi pengo kati ya ncha hiyo ya ubao na barabara. Sentimita utakazopata ndo asilimia ya mwinuko. Pengo la sentimita 10 ni mwinuko wa asilimia 10. Pima sehemu 3 tofauti za kilima uchukue ya kati, sababu shimo moja au tuta linadanganya.

Angalizo: simama pembeni kabisa na uwe na mtu wa kuangalia magari. Usifanye hivi kwenye kona.

Sasa hesabu. Jumlisha uzito wote, yani pikipiki, wewe, abiria na mzigo. Pikipiki ndogo ya cc 100 ina kama kilo 110, ya 150 kama Boxer ina kama 120. Halafu:

uzito × mwinuko × spidi ÷ 27,000 = hosipawa (kipimo cha nguvu ya injini) za kupandia kilima

Chukua mfano wa kilo 300 jumla, mwinuko asilimia 10, na unataka upande kwa spidi 40. 300 × 10 × 40 ni 120,000, gawa kwa 27,000 unapata kama 4.4. Ongeza 2 za kushindana na upepo na msuguano wa tairi, inakuwa 6.4. Hapo bado nguvu inapotea kwenye gia na cheni kabla haijafika tairi la nyuma, kwa hiyo gawa kwa 0.85. Jibu ni kama 7.6.

Saa hiyo ndo unaelewa kwa nini cc 100 yenye hosipawa kama 8 inahema pale na mtu nyuma. Kwenye karatasi inatosha, ila hizo 8 inazitoa ikiwa injini imefika mwisho kabisa wa mizunguko yake, na barabarani huwezi kukaa hapo muda wote. Unahitaji akiba. Mimi naweka akiba ya robo, kwa hiyo 7.6 inakuwa 9.5. Chini ya hapo utapanda, lakini utapanda kwa gia ya pili, spidi 25 au 30, resi imevutwa mpaka mwisho na malori yanakupigia honi nyuma.

### Wa mikoa ya juu wasome hapa

Hewa inapungua ukipanda juu, na injini yenye kabureta inapoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 kutoka usawa wa bahari. Dar au Tanga mjini hilo sio la kufikiria. Mbeya mjini upo kama mita 1,700, maana yake asilimia 17 imeondoka kabla hujakanyaga gia. Zile hosipawa 8 zimebaki 6.6. Pikipiki ya 150 yenye hosipawa 12 inabaki na kama 10.

Rudi kwenye mfano wetu wa 7.6. Pikipiki ya 100 iliyokuwa inapita kwa shida kwenye kilima cha Dar, kilima hicho hicho ukikihamishia Mbeya haipiti kwa spidi 40. Ndo sababu ndugu yako wa Temeke anaisifia 100 yake kwa moyo wote na wewe wa Mbeya, Njombe au Lushoto ukiinunua unaona umeibiwa, na wote wawili mnasema ukweli.

Utajua umemaliza ukiwa na namba moja tu kwenye daftari: hosipawa ninazohitaji, baada ya akiba na baada ya kufidia urefu wa mahali (wa Mbeya agawe kwa 0.83).

## Hatua ya 3: Soma karatasi ya pikipiki vizuri

Usisome cc ukaishia hapo. Tafuta namba mbili, hosipawa na Nm, na kila moja ina namba ya mizunguko ya injini kwa dakika pembeni yake. Nm ndo nguvu ya kuvuta, ile unayoisikia ukiachia klachi na mzigo nyuma.

Mizunguko ya pembeni ndo siri. Boxer 150 kwa mfano inatoa hosipawa kama 12 kwenye mizunguko 7,500, lakini Nm yake kubwa, kama 12.3, inaipata mapema kwenye 5,000. Chukua Nm zidisha kwa mizunguko gawa kwa 7,000, utapata hosipawa za pale pale: 12.3 × 5,000 ÷ 7,000 ni kama 8.8. Yani ikiwa bado imetulia, haijapiga kelele, tayari inatoa zaidi ya kile cc 100 inachotoa ikiwa mwishoni kabisa. Hiyo ndo tofauti unayoisikia kilimani, na wala sio spidi ya mwisho.

Kwa hiyo ukikuta pikipiki mbili za 125 zote zimeandikwa hosipawa 10 au 11, chukua ile ambayo Nm yake inakuja kwenye mizunguko ya chini kama wewe ni wa mzigo na milima. Ile ya mizunguko ya juu inamfaa anayetembea peke yake kwenye lami.

Angalia pia idadi ya gia. Tano zinakupa gia ya kupumzikia kwenye barabara kuu, kelele inapungua na mtetemo unapungua. Kwa mjini na vumbi, nne zinatosha kabisa na usilipe zaidi kwa ajili ya hilo.

Onyo: hosipawa zilizoandikwa kwenye stika ubavuni sio karatasi. Kama muuzaji hana kitabu cha maelezo chenye hizo namba na mizunguko yake, iondoe kwenye orodha, maana hata fundi baadae atahangaika kujua oili ngapi na valvu zinaachwa nafasi gani.

Ukifika hapa orodha yako ya 3 inaweza kuwa imebaki 2. Vizuri.

## Hatua ya 4: Jaribu kwa mwili wako, dakika 45 bila kushuka

Kwenye starehe watu wanakaa dukani kwenye siti sekunde 30, wanasema iko poa. Siti yoyote ni nzuri sekunde 30. Maumivu ya mgongo na ganzi ya vidole yanaanza baada ya nusu saa, kwa hiyo jaribio likiwa chini ya dakika 45 huwezi kujua chochote. Fanya kwenye njia yako mwenyewe, na nusu ya muda uwe na mtu nyuma.

Miguu chini. Kaa, pikipiki ikiwa wima, weka miguu yote chini. Nyayo za mbele zote mbili zishike ardhi vizuri. Pikipiki nyingi za kazi siti yake iko kati ya sentimita 77 na 80 kutoka chini, zile za porini zenye tairi la mbele kubwa zinapita 83. Mfupi akipanda ya porini kwenye foleni ya mjini atachoka, na siku ya tope akiwa na abiria ataanguka akiwa amesimama. Dada zangu hili liangalieni sana, na msikubali mtu awaambie mtazoea.

Magoti na viwiko. Magoti yashike tanki bila kugusa usukani ukikata kona mpaka mwisho. Viwiko vikunje kidogo. Mikono ikinyooka kabisa kila shimo linakwenda moja kwa moja mabegani. Mtu mrefu wa futi 6 kwenye vile vipikipiki vidogo magoti yanapanda juu na nyonga zinalipa gharama.

Siti. Bonyeza kwa kidole gumba katikati. Ikizama mpaka unasikia bati chini, hiyo itakuua kwa safari ndefu hata kama ni laini. Siti nzuri inazama kidogo inasimama. Kama pikipiki ni nzuri kwingine kote usiikatae kwa siti peke yake, mafundi siti wapo kila mji na wanaijaza upya kwa bei ndogo.

Mtetemo. Tembea spidi 60 kwa dakika 10 mfululizo kisha simama uguse vidole vyako. Ganzi ikiwepo hapo, kwa siku ya masaa 10 ya bodaboda hautaweza. Injini nyingi za 125 za kichina zinazofuata muundo wa Honda CG hazina timing cheni, valvu zinasukumwa na vifito, kwa hiyo ni ngumu kufa na kila fundi anazijua, ila kwenye mizunguko ya juu nyingi zinatetema. Ni biashara ya kubadilishana, wewe amua.

Shokapu na abiria. Hapa ndo unapoujua ukweli. Mwambie mtu akae nyuma, pita kwenye tuta kwa mwendo wa kawaida. Shokapu za nyuma zikigonga mwisho, ko, kaza springi zake (nyingi zina hatua 5 za kukazia) urudie. Zikigonga tena zikiwa zimekazwa mpaka mwisho, hiyo pikipiki sio ya abiria. Muulize na aliyekaa nyuma, magoti yake yalikuwaje, alishika wapi, ekzosi haikumkaribia mguu? Kama kazi yako ni abiria basi starehe yake ndo inayomfanya akupigie simu kesho.

Breki. Sio starehe lakini ni hapa hapa unazijaribu. Ukiwa na mtu nyuma, barabara kavu na tupu, spidi 40, simama kwa breki zote mbili. Isimame imenyooka. Dramu ni rahisi kutengeneza vijijini, diski inashika vizuri zaidi mvua ikinyesha, na kwa anayebeba watu kwenye milima ningeongeza hela nipate diski mbele bila kufikiria mara mbili.

Angalia pia saizi za tairi. 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, au zile za 18, zinapatikana kila duka la spea. Rimu ya saizi ya ajabu itakulaza njiani Kondoa ukisubiri tairi kutoka Dar.

Umefaulu hatua hii ukishuka baada ya dakika 45 na kitu pekee unachokisikia ni kiu.

## Hatua ya 5: Pima mafuta kwa mkono wako

Usiamini namba ya kipeperushi, kwa kawaida ni ya mtu mmoja, lami tambarare, spidi ya wastani isiyobadilika. Usimwamini hata jirani, jirani anatembea kivyake.

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati sehemu iliyo sawa, injini ikiwa imepoa. Jaza tanki mpaka alama unayoweza kuiona shingoni. Upepo wa tairi uwe sawa kwanza, kwa hizi za kazi ni kama psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 nyuma ukiwa na mtu. Fuata kitabu chake.
2. Ondoka hapo hapo, tembea kilomita 40 za njia yako halisi na mzigo wako halisi. Pima kilomita kwa simu, maana mita za pikipiki za kijiweni nyingi hazisomi.
3. Rudi pale pale, stendi ile ile, acha ipoe, jaza tena kwa dumu la mililita mpaka alama ile ile.
4. Gawa kilomita kwa lita. Kilomita 40 kwa mililita 850 ni 47 kwa lita.

Onyo: petroli na plastiki na injini ya moto havikai pamoja, fanya nje, hakuna sigara, hakuna simu mkononi. Na usiache tanki limejaa mpaka shingoni juani, petroli inavimba na joto itamwagika.

Kosa kubwa ni kupima kwa mafuta ya buku tano, unaweka, yakiisha unasema inakula. Hujui yalibaki kiasi gani mwanzo, hujui pampu ilitoa kiasi gani, hiyo sio namba.

Kwa matumizi ya kawaida ya mchanganyiko, ukipata 55 hadi 70 kwa cc 100, 45 hadi 55 kwa 125, 38 hadi 48 kwa 150, chombo kiko sawa. Ukipata chini sana ya hapo hiyo pikipiki uliyoazima ina ugonjwa, tafuta nyingine ya aina hiyo upime tena kabla hujaihukumu.

Kuna kitu utakiona kwenye vipimo vyako kama unakaa milimani. Ile ya 100 iliyokuwa inatamba kwenye tambarare, ukiipandisha mlima na watu wawili resi ikiwa imefunguka yote, gia ya pili muda mrefu, inashuka vibaya, inaweza kukaribiana kabisa na 125. Injini ndogo inayolazimishwa haikuwekei akiba ya mafuta, na pistoni na klachi zinakwisha mapema juu yake.

Na spidi. Ukitoka 60 kwenda 90 nguvu ya kushindana na upepo peke yake inaongezeka zaidi ya mara tatu. Mwenye 150 anayesema inakunywa, muulize kwanza anatembea ngapi.

## Hatua ya 6: Geuza mafuta kuwa shilingi kwa mwezi

Hapa ndo unapojua mafuta yana uzito gani kwenye uamuzi wako wewe. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila mwezi na inatofautiana mji na mji, kwa hiyo weka ya kwako. Mimi hapa naweka 3,000 kwa lita kurahisisha hesabu, nikilinganisha pikipiki ya kilomita 60 kwa lita na ya 45.

Dereva wa bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku 26: ni kilomita 3,120. Ya kwanza inakula lita 52, ya pili kama 69. Tofauti ni lita 17 na kitu, karibu 52,000 kwa mwezi, na kwa mwaka inapita laki sita. Hiyo ni hela ya tairi, cheni, oili ya mwaka mzima na bima na bado inabaki.

Mwalimu anayetembea kilomita 20 kwa siku, siku 22: ni kilomita 440. Ya kwanza lita 7.3, ya pili 9.8. Tofauti haifiki elfu nane kwa mwezi. Kwa mtu huyu kununua pikipiki inayomuumiza mgongo au inayomshinda kilima ili aokoe elfu nane, hapana. Anunue starehe.

Fanya yako. Ukipata tofauti chini ya elfu kumi na tano kwa mwezi, mafuta yashushe mwisho kabisa. Ikizidi elfu arobaini yana sauti kubwa, lakini bado hayawezi kuipitisha pikipiki iliyofeli kilima.

## Hatua ya 7: Weka kwenye ukurasa mmoja na uamue

Chora safu 3, moja kwa kila pikipiki. Mistari ya kwanza miwili ni ya ndio au hapana: inafikisha hosipawa zangu? Nilishuka bila maumivu? Hapana moja tu, kata. Usianze kujitetea hapo kwamba rangi yake nzuri au wanatoa na helmeti bure.

Zilizobaki, andika shilingi za mafuta kwa mwezi, kisha bei ya spea nne kwenye duka la karibu na kwako, sio Kariakoo: klachi, cheni na sproketi zake, tairi la nyuma, brekishuu. Kama duka la kwenu halina hata moja, hiyo siku ikiharibika utakaa wiki bila kazi.

Kwa mifano yetu: bodaboda wa Dar tambarare, mtu mmoja nyuma, hakuna mshikaki (kupakia zaidi ya mmoja), 100 au 125 yenye siti nzuri inamtosha na inamlipa. Wa Mbeya au Mombo kupandisha Lushoto na mzigo, 150, au 125 ambayo Nm yake inakuja kwenye mizunguko ya chini, na asiumie roho kwenye mafuta. Mfanyakazi wa ofisini anayetembea peke yake mjini, chochote kilichofaulu kilima, achague kwa mgongo.

## Hatua ya 8: Irekebishe kabla hujasema umekosea

Pikipiki mpya usiihukumu mafuta wala nguvu kabla ya kilomita 1,000, injini bado inajikalisha. Endesha taratibu, usikae spidi moja muda mrefu, badilisha oili ya kwanza mapema kama kitabu kinavyosema. Weka oili ya pikipiki yenye alama JASO MA. Oili nyingi za kisasa za magari zina viungo vya kulainisha vinavyofanya klachi iteleze, maana kwenye pikipiki klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na klachi ikiteleza unapoteza nguvu na mafuta kwa pamoja.

Kama inakosa nguvu kidogo tu kilimani, badili sproketi ya mbele ipungue jino moja, mfano kutoka 15 kwenda 14. Kuvuta kunaongezeka kama asilimia 7 na spidi ya mwisho inapungua kidogo. Wa barabara kuu anayetembea mwepesi afanye kinyume. Ni kazi ya fundi ya muda mfupi na ni rahisi kuliko kuuza pikipiki kwa hasara.

Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3, ikikazwa sana inakula nguvu. Isimamishe kwa stendi ya kati uzungushe tairi kwa mkono, likisimama haraka breki inashika. Toa plagi uangalie ncha: kahawia ni sawa, nyeusi yenye masizi mafuta yanazidi, na mara nyingi ni chujio la hewa limejaa vumbi. Nyeupe kabisa, hewa inazidi, mpelekee fundi haraka kabla pistoni haijaungua.

Usitoe chujio la hewa, usitoboe ekzosi, na fundi akikwambia akuongezee nguvu kwa kutanua jeti ya kabureta mkatalie. Unapata kelele nyingi, mafuta yanaondoka, na nguvu ile ile.

Ukifika kilomita 2,000 rudia kipimo cha hatua ya 5 kwenye njia ile ile na mzigo ule ule, uandike namba na tarehe nyuma ya daftari. Hiyo ndo namba yako ya msingi. Siku ikishuka zaidi ya asilimia 10 kuna kitu kimeharibika, anza na upepo wa tairi, breki, chujio, plagi, kwa mpangilio huo, kabla hujafungua kabureta.